Kuaminika kwa Hisi na Madai ya Kuona Yaliyofichika

Katika jamii nyingi, za kale na za sasa, wamekuwapo watu wanaosema kwamba wamepata habari ambazo hazikupitia milango mitano ya fahamu: mmoja ameota kifo cha ndugu aliye mbali na kulipokucha taarifa ya msiba ikafika, mwingine amesikia sauti ya marehemu ikimwita kwa jina, mwingine anasema huyajua mawazo ya mwenzake kabla hayajatamkwa. Matukio ya aina hii yataitwa hapa mang'amuzi ya ghaibu, yaani hali ambazo mtu huziona kuwa zimemfunulia jambo lililo nje ya uwezo wa kawaida wa macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Swali la kifalsafa linaloyahusu ni zito kuliko wanavyodhani wale wanaoyakubali yote na wale wanaoyadharau yote. Mtu mkweli, mwenye akili timamu na asiyetafuta faida yoyote, anaposema kwamba jambo fulani limemtokea, je, ukweli wake unatosha kuthibitisha kwamba jambo hilo lilitokea jinsi anavyolieleza?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hautoshi, na kwamba kukiri hivyo hakumvunjii mtu huyo heshima hata kidogo. Ili hoja hii isieleweke vibaya, yafaa kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. La kwanza ni hali iliyohisiwa, yaani kile alichokiona, alichokisikia au alichokihisi mhusika mwenyewe. Juu ya hili yeye ndiye shahidi mkuu, na mara nyingi hakuna sababu ya kumkanusha. La pili ni chanzo cha hali hiyo. Juu ya hili mhusika hana ujuzi unaowazidi wengine, kwa kuwa mtu anayesikia sauti hasikii pamoja nayo maelezo ya mahali ilikotoka. La tatu ni ushuhuda, yaani simulizi linalotolewa baadaye, kumbukumbu ikiwa imekwisha kufanya kazi yake. Mjadala mwingi kuhusu ghaibu huharibika kwa sababu anayelitilia shaka jambo la pili au la tatu hudhaniwa kuwa analikanusha la kwanza, na mwenye kusimulia huondoka akiamini kwamba ameitwa mwongo.

Miongoni mwa waliozichunguza hisi kwa ukali ni Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyezaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058, na aliyeacha kufundisha katika madrasa mashuhuri ya Nizamiyya mjini Baghdad mwaka 1095. Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal anaeleza kwamba hata jicho, lililo na nguvu kuliko hisi nyingine, hukitazama kivuli na kuamua kwamba kimesimama tuli, ilhali mtu akikirudia baada ya muda hugundua kwamba kilikuwa kikisogea. Na huitazama nyota na kuiona ndogo kama sarafu ya dinari, ilhali hesabu za elimu ya falaki zinaonyesha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Kutoka hapo aliendelea hadi kuitilia shaka akili yenyewe, akihoji kwa nini maisha ya kuwa macho yasiwe kama ndoto yakilinganishwa na hali nyingine iliyo juu zaidi. Anasema shaka hiyo ilimkaa kwa karibu miezi miwili, na kwamba kilichomtoa humo ni nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia moyoni mwake, wala si mpangilio wa hoja.

Mambo mawili katika maelezo hayo yana uzito wa pekee. Kwanza, mwenye shaka hii alikuwa mcha Mungu aliyekuwa akiitafuta yakini, yaani elimu isiyoyumba, na kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba kuzihoji hisi ni mwanzo wa kuikana imani. Pili, kosa la jicho kuhusu kivuli lilifichuliwa na jicho lile lile liliporudi kutazama baadaye, na kosa lake kuhusu nyota lilifichuliwa na hesabu zilizojengwa juu ya kutazama kwa utaratibu. Hisi hukosea, lakini ndizo pia zinazompa mtu njia ya kulijua kosa lake, mradi zipewe muda, kipimo na nafasi ya kurudia.

Uchunguzi wa karne zilizofuata umeeleza ni kwa nini hisi hukosea. Kila jicho la binadamu lina sehemu isiyoona kabisa, pale ambapo mshipa wa fahamu unatoka katika retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga, kuelekea ubongoni. Mfaransa Edme Mariotte aliieleza sehemu hiyo katika karne ya 17, lakini watu walikuwa wameishi nayo siku zote bila kuona pengo lolote mbele yao, kwa sababu ubongo hulijaza kwa kukisia kutokana na yaliyo pembeni. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alilipanua wazo hili na kusema kwamba kuona kwenyewe ni aina ya kuhitimisha: ubongo hupokea dalili pungufu na kuamua, bila mtu kutambua, ni kitu gani ambacho huenda kimezisababisha. Uamuzi huo hutegemea mazoea na matarajio, na humfikia mtu ukiwa umekamilika, kwa hiyo yeye huuona kuwa ndio ulimwengu wenyewe.

Kama hisi huongeza yasiyokuwapo, huacha pia yaliyokuwapo. Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio ambamo watazamaji walioneshwa filamu fupi ya watu wanaopasiana mpira wa kikapu, wakatakiwa kuzihesabu pasi za kundi moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila alipita kati ya wachezaji, akajipigapiga kifua na kuondoka, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa. Macho yao yalikuwa mazima na wazi, lakini umakini wao ulikuwa mahali pengine, na pasipo umakini kitu kikubwa kilichopita mbele ya macho hakikuingia katika fahamu zao.

Udhaifu huu huongezeka mtu anaposimulia. Jaribio lililouonesha kwa uwazi mkubwa lilifanyika Uingereza katika miaka ya 1880. Mwaka 1882 kilianzishwa London chama cha wasomi waliotaka kuyachunguza madai ya ghaibu kwa utaratibu, na rais wake wa kwanza alikuwa Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Cambridge. Zama hizo walikuwapo watu waliojitangaza kuwa viti, yaani vyombo ambavyo roho hukalia ili kuwasiliana na walio hai, na mojawapo ya maajabu yao mashuhuri lilikuwa maandishi ya vibao: vibao vya kuandikia vilivyoonekana safi vilifumbatwa pamoja au kushikiliwa chini ya meza, na vilipofunuliwa vilikutwa vimeandikwa ujumbe. Kijana aitwaye S. J. Davey, ambaye mwanzoni aliyaamini maandishi hayo, aligundua kwamba yanaweza kufanywa kwa wepesi wa mikono, akajizoeza mpaka akaumudu ufundi huo, kisha akawaalika watu kwenye vikao vyake bila malipo na bila kuwafichulia mbinu, akiwaomba wachunguze kwa makini kadiri wawezavyo na baadaye waandike yote waliyoyaona.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1887 na Davey pamoja na mtafiti Richard Hodgson, na thamani yake ni kwamba safari hii alikuwapo mtu aliyejua hasa kilichotendeka na aliyeweza kuyalinganisha maandishi ya mashahidi na matendo yenyewe. Mashahidi walikuwa watu wenye elimu na nia njema, na hata hivyo waliacha matukio muhimu, walibadili mfuatano wake, na wakaongeza mambo ambayo hayakutokea. Waliandika kwamba kibao hakikutoka machoni pao, ilhali kilikuwa kimetoka. Waliandika kwamba walikikagua mara tu kabla ya maandishi kutokea, ilhali kati ya ukaguzi na maandishi kulikuwa na muda ambao Davey alikuwa ameutumia vizuri. Anayesoma masimulizi yao peke yake hawezi kupata maelezo yoyote ya kawaida, kwa sababu dakika zilizobeba maelezo hayo zimefutika humo. Hata Alfred Russel Wallace, mwanasayansi aliyeigundua nadharia ya uteuzi wa asili sambamba na Charles Darwin, alishikilia kwamba maadamu mbinu zote hazijafafanuliwa, Davey hana budi kuhesabiwa kuwa kiti halisi. Davey alifariki mwaka 1890, na miaka miwili baadaye Hodgson alizichapisha mbinu zake.

Fundisho la tukio hili haliishii kwenye udanganyifu wa wenye kujidai. Anayeota ndoto au kusikia sauti akiwa peke yake hana mtu wa kumlaghai, lakini kumbukumbu atakayoitumia kusimulia ndiyo ile ile iliyowapotosha mashahidi wa Davey: hushika kile kilichoonekana kuwa na maana, huviacha vingine, na huusogeza mfuatano wa mambo mpaka uwiane na maana hiyo. Ndoto iliyokuwa na mtu asiyetambulika vizuri, akiwa mgonjwa mahali pasipojulikana, huweza kusimuliwa baada ya msiba kama ndoto ya shangazi fulani kitandani mwake, na msimuliaji anaapa kwa dhati kwamba ndivyo alivyoota. Ndiyo maana ushuhuda ulioandikwa kabla ya tukio lililotabiriwa una uzito ambao ushuhuda uliotolewa baada yake hauwezi kuwa nao, hata kama mashahidi wote wawili ni wakweli kwa kiasi kilekile.

Upotofu mwingine hutokea katika matendo ya mtu mwenyewe. Katikati ya karne ya 19 watu wengi wa Ulaya na Marekani walikaa kuzunguka meza, wakaweka mikono juu yake, na meza ikaanza kusogea, wakaamini kwamba inasukumwa na roho au na nguvu isiyojulikana. Mwaka 1853 Michael Faraday, mwanafizikia aliyekuwa pia muumini thabiti wa dhehebu dogo la Kikristo, alilichunguza jambo hilo bila kumtuhumu mtu. Aliweka kati ya mikono na meza tabaka za kadibodi zilizogandishwa kwa nta laini, na baada ya meza kusogea akaona kwamba tabaka za juu, zilizo karibu na mikono, zilikuwa zimetangulia, jambo linalothibitisha kwamba mikono ndiyo iliyoisukuma meza. Kisha akatengeneza mshale uliowaonesha washiriki papo hapo kila mikono yao ilipoanza kusukuma pembeni, na walipoutazama mshale huo meza ilitulia. Washiriki hawakuwa wakidanganya, kwa maana misuli yao ilitii matarajio yao bila wao kujua, na mara walipopewa njia ya kujiona waliacha.

Katika pwani ya Afrika Mashariki hali inayodhihirisha kwa nguvu zaidi tofauti kati ya hali iliyohisiwa na chanzo chake ni jinamizi. Mtu huamka usiku akashindwa kuinua hata kidole, akahisi uzito umemkalia kifuani, na mara nyingi akawa na hakika kwamba kuna kiumbe chumbani. Katika awamu ya usingizi yenye ndoto nyingi ubongo huilegeza misuli ya mwili ili mtu asitende anachokiota, na hutokea fahamu zikarudi kabla ulegevu huo haujaisha, ndoto ikachanganyika na chumba halisi. Hali hii imeelezwa na watu wa mataifa mengi, na kila jamii humpa mgeni huyo wa usiku sura inayoifahamu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, kiumbe kinachosemekana kuwashambulia watu usiku, ilienea Pemba na kisha Unguja, watu wakalala nje kwa makundi ili kulindana, na baadhi ya watafiti wameeleza kwamba masimulizi mengi ya walioshambuliwa yanalingana na dalili za hali hiyo ya usingizi, wakati wengine wamesisitiza mchango wa mvutano wa kisiasa wa mwaka ule wa uchaguzi. Maelezo haya mawili hayapingani, kwa kuwa usingizi huleta hali iliyohisiwa na jamii huleta jina lake. Aliyekabwa alikabwa kweli kwa maana ya alichokihisi, na kumwambia kwamba amezua ni kumkosea. Lakini kile kilichomkaba hakiwezi kujulikana kwa kumuuliza yeye peke yake.

Yabaki masadifa, yaani mambo mawili kuoana bila moja kulisababisha jingine. Msiba unaofuata ndoto humgusa mhusika kwa sababu kwake yeye ni tukio moja la ajabu, lakini hesabu hutaka waotaji wote wahesabiwe pamoja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Tanzania watu 61,741,120. Tuseme kwamba nafasi ya mtu kuota kwa bahati tu ndoto itakayolingana wazi na tukio la kesho yake ni moja katika milioni kwa usiku mmoja. Kwa makadirio hayo madogo, ndoto za namna hiyo zingekuwa takriban 60 kila usiku katika nchi hiyo pekee, na zaidi ya 22,000 kwa mwaka, bila uwezo wowote wa ghaibu kuhusika. Ndoto hizo zingesimuliwa na kukumbukwa kwa vizazi, ilhali mamilioni ya ndoto ambazo hazikutimia zingesahauliwa kabla ya chai ya asubuhi.

Mtetezi wa mang'amuzi ya ghaibu ana pingamizi linalostahili jibu. Ikiwa hisi na kumbukumbu ni dhaifu kiasi hiki, kwa nini aaminiwe mtafiti anayesoma kipimo, ambaye naye ana macho yale yale? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba mtafiti haaminiwi kwa sababu ya nafsi yake, bali kwa sababu ya utaratibu unaomruhusu mwingine kuligundua kosa lake. Mwaka 2011 Daryl Bem, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha katika jarida linaloheshimika majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai yanaonesha kwamba watu huathiriwa na matukio ambayo bado hayajatokea. Watafiti wengine waliyarudia majaribio hayo na hawakupata matokeo yale, na tukio hilo likachangia kuwafanya wanasaikolojia wazikague upya kanuni za taaluma yao nzima, ikiwemo desturi ya mtafiti kuchagua namna ya kuchambua takwimu akiwa ameshaziona. Shaka iliyoelekezwa kwa madai ya ghaibu iliwarudia wenye shaka wenyewe, na taaluma yao ilifaidika kwa kuipokea.

Ni lazima pia kutaja mpaka wa shaka. Kuonesha kwamba hisi zingeweza kumpotosha mtu hakuthibitishi kwamba zilimpotosha, na kueleza jinsi ndoto inavyoweza kutimia kwa sadifa hakuthibitishi kwamba hakuna ndoto iliyowahi kuwa na chanzo kingine. Anayesema kwamba ghaibu haiwezekani kabisa amedai zaidi ya alichokipima, na anayewaita wasimuliaji wote matapeli ameupuuza ushahidi wa Davey mwenyewe, ambao unaonesha watu wakweli wakikosea. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alifundisha mwaka 1748 kwamba mwenye hekima huipima imani yake kwa kiasi cha ushahidi alio nao. Kanuni hiyo humfunga anayekubali na anayekataa kwa pamoja.

Dini zenyewe zimeitumia kanuni inayofanana na hiyo kwa muda mrefu. Katika Uislamu ndoto njema ina heshima yake, lakini mafakihi hawaihesabu kuwa dalili ya kuthibitishia hukumu ya sheria. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba mafunuo ya mtu binafsi, hata yale yaliyotambuliwa na viongozi wake, si sehemu ya amana ya imani. Katika mji wa Salem, Massachusetts, mwaka 1692, mahakama iliwanyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi, na sehemu ya ushahidi ilikuwa madai ya walalamikaji kwamba waliona vivuli vya washtakiwa vikiwatesa. Mchungaji Increase Mather, aliyeamini bila wasiwasi kwamba wachawi wapo, aliandika mwaka huo huo kuupinga ushahidi huo, kwa hoja kwamba shetani aweza kujitwalia sura ya mtu asiye na hatia, na kwamba ni afadhali washukiwa kumi waponyoke kuliko mmoja asiye na kosa kuhukumiwa. Mwaka 1693, mahakama mpya ilipoukataa ushahidi wa aina hiyo, wengi wa waliobaki waliachiwa. Mather hakubadili imani yake kuhusu ghaibu; alibadili tu uzito ambao jicho la mtu mmoja liliruhusiwa kuwa nao dhidi ya uhai wa mwingine.

Suala hili si la historia ya mbali. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine wakiwa wamenyooshewa kidole kwa sababu ya macho mekundu yanayoelezeka kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na nyuma ya mauaji mengi wametajwa wapiga ramli chonganishi, yaani wale wanaomtajia mteja jina la ndugu au jirani kuwa ndiye chanzo cha maafa yake. Mwaka 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kupiga marufuku shughuli za wapiga ramli hao. Mteja anayetoka kilingeni akisema kwamba mganga amemweleza maisha yake yote huenda anasema kweli juu ya alichokihisi. Mwanasaikolojia Bertram Forer alieleza mwaka 1949 jinsi alivyowapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake peke yake, ilhali wote walipewa maneno yale yale, na kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Hisia ya kujulikana ni hali halisi, lakini haithibitishi kwamba anayezungumza anajua, seuze kwamba mzee aliyetajwa ameua.

Kutokana na haya yote inapatikana kanuni inayoweza kukubaliwa na muumini na asiyeamini kwa pamoja. Hali iliyohisiwa inaweza kumwongoza aliyeihisi katika mambo yanayomhusu yeye mwenyewe: aliyemwota ndugu yake waliyekosana naye aweza kwenda kupatana naye, na hakuna anayedhulumiwa kwa upatanisho huo, ndoto iwe ilitoka wapi. Lakini pale mang'amuzi hayo yanapotumika kumnyima mwingine jina jema, mali, tiba au uhai, ukweli wa moyo wa mwenye kuyasimulia hautoshi, na kadiri madhara yanavyokuwa makubwa ndivyo ushahidi unavyopaswa kuwa wa aina inayoweza kukaguliwa na mtu asiyehusika. Kuutaka ushahidi wa aina hiyo si kumdharau mwenye ndoto, kwa sababu kila binadamu, mwenye shaka akiwa mmoja wao, huuona ulimwengu kwa ubongo unaokisia na huukumbuka kwa kumbukumbu inayosahihisha bila ruhusa. Na kwa kuwa udhaifu huo ni wa wote, wajibu wa kukubali kukaguliwa nao ni wa wote.